Mpunga wa Baba Yako

Kasongo, Jumapili

Naomie mwanangu,

Huku mvua imeanza, na mimi ni mzima. Kilio cha baba yako tulikimaliza jana. Baba mdogo Pitchou alitaka tupikie wageni mpunga wa mbegu, ule wa babu zako, ambao hapa mjini tumebaki nao sisi tu.

“Mwenye alikufa hatapanda tena,” alisema.

Musafiri, jirani yetu wa msikitini, akamjibu, “Lakini muke wake iko.” Akaleta gunia la mchele wake, watu wakala.

Mbegu nimeiweka chini ya kitanda, upande aliolala baba yako. Peke yangu shamba litanishinda. Mwombe mume wako akuruhusu wiki mbili. Jembe lako baba alilitia mpini mpya kabla hajaugua.

Mama yako,
Emilienne