Papa Ametia Alama Nyekundu kwenye Kibanda cha Mama Alphonsine

Mama Adeline mpendwa, wewe unayesoma barua zetu bila kutucheka, ninaomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu mama yangu amekwenda Aveba kumsaidia bibi kuvuna maharagwe na hapa nyumbani nimebaki na papa, na papa ndiye ambaye siwezi kumwambia.

Mimi ni msichana wa sekondari hapa Bunia. Papa yangu, Papa Lucien, anasimamia barabara na mifereji ya maji ya sehemu yetu ya mji (watu wanamwita chef ya kanivo, mkuu wa mifereji), maana yake mvua ikinyesha na maji yakiingia katika nyumba ya mtu, mtu huyo hayalaumu mawingu, anamlaumu papa. Yeye anapanga vikundi vya wafagiaji, anaomba lori la kubeba taka, anatembea na fimbo ndefu ya kupimia matope, na siku akiwa na furaha anatutania mezani, anasema, "Wenzangu wa Ulaya wanaondoa teluji. Ile wakichelewa, jua inawasaidia. Sasa potopoto ya Bunia, nani atanisaidia?" Mimi ninacheka kila mara, hata kama nimeshazoea, kwa sababu ninapenda kumwona akicheka.

Rafiki yangu ninayekaa naye darasani anaitwa Arielle. Familia yao ilikimbia vita huko Djugu, karibu na Nizi, wakafika hapa na nguo walizovaa. Mama yake, Mama Alphonsine, anakaanga mandazi kando ya barabara inayoshuka kuelekea mto Nyamukau, na kwa kuwa hakuwa na mahali, alijenga kibanda juu ya mfereji wenyewe, akaufunika kwa zege ili mbabula yake ya makaa ikae sawa na wateja wapate pa kusimama. Mandazi hayo ndiyo yanayomweka Arielle shuleni. Papa alikuwa mteja wake, kila asubuhi alipita pale, na Mama Alphonsine alikuwa anamchagulia yale ya kahawia zaidi kwa sababu alijua ndivyo papa anavyopenda.

Lakini chini ya zege ile chepe haliingii, na uchafu wote unaoshuka kutoka juu unakwama hapo. Mwanzoni mwa mvua hizi papa alikwenda na rangi, akatia alama nyekundu kwenye mbao za kibanda, ile alama ambayo kila mtu hapa anajua ni ya kubomolewa. Nilikuwa nimesimama pale na Arielle. Papa alimwambia Mama Alphonsine kwa sauti ya chini, "Mama, maji ikipita, mimi sina neno na weye. Maji isipopita, Jumamosi ya Salongo tutavunja."

Basi tukapata tumaini. Arielle aliwaita wasichana wa kwaya yetu, nami nikaenda, tukasema tutausafisha mfereji wenyewe ili maji yapite na kibanda kibaki. Tulitoka shuleni tukachukua machepe, tukachimba kuanzia juu mpaka kwenye kibanda, mikono ikatoka malengelenge, na dereva mmoja wa moto, pikipiki ya abiria, akapunguza mwendo akapiga kelele, "Angalia bamama ya kanivo! Mutakuya lini kwangu?" na Arielle akamjibu, "Kwako kunataka bomu, si chepe!" tukacheka mpaka tukakaa chini. Tulifanya kama watu wote wanavyofanya asubuhi ya Salongo, wakati maduka yanapofungwa na kila mtu anasafisha mbele ya kwake: tulitoa potopoto, matope yale yote, na kuipanga kando ya mfereji, na tuliipigapiga kwa mgongo wa chepe ili ipendeze. Mama Alphonsine alitupa mandazi ya moto, akatuombea baraka.

Jioni ile ile mvua ikaja, Mama Adeline, ile ya mawe. Marundo yetu yote yakaanguka tena ndani ya mfereji, yakashuka pamoja, yakaziba chini ya zege kuliko mwanzo, na maji yakaruka barabara yakaingia kwa Mama Régine, jirani wa upande wa chini, ambaye amejifungua juzijuzi tu. Godoro lililoa lote. Mtoto walimweka ndani ya beseni juu ya meza. Papa alikimbilia huko akafukua kwa mikono, na aliporudi viatu vyake vilikuwa vinamwaga maji, akakaa karibu na mlango, wala hakuniuliza ni nani aliyepanga yale marundo, ingawa nadhani alijua.

Kesho yake Arielle alihamisha vitabu vyake akaenda kukaa na Glodie. Nilipomfuata wakati wa mapumziko aliniambia mbele ya wote, "Weye mutoto wa chef ya kanivo, haukujua potopoto itarudia? Papa yako anajua, weye haujue? Ao mulipanga nyumbani?" Glodie akasema, "Muache, iko mutoto wa Serikali." Mimi sikupanga kitu, Mama Adeline. Sikujua. Papa hatufundishi kazi yake, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nilijaribu kumwomba papa. Nilimpelekea maji ya kunawa nikamwambia, "Papa, tafadhali, kibanda cha mama ya Arielle…" Hakuniacha nimalize. Alisema, "Mama," kwa sababu ananiita mama, nina jina la mama yake, "hapa niko papa yako. Kule niko chef. Nikimuachia huyu juu ya mutoto yangu, kesho kila mutu atatuma mutoto. Tusiongee tena ile." Halafu hakula. Na sasa kila asubuhi anazunguka kwa barabara ya nyuma, njia ndefu yenye mashimo, ili asipite mbele ya Mama Alphonsine, na anafika kazini bila kuweka kitu mdomoni.

Kuna jambo moja la mwisho. Nyuma ya mfereji, ndani ya kiwanja chake, Papa Félicien fundi cherehani ana nafasi mbele ya duka lake. Nilimsikia akimwambia Mama Alphonsine, "Mi ningekupa hapa, mama, lakini naogopa. Wakikuona kwangu, watanipaka rangi na miye." Kwa hiyo ninafikiri kwamba neno moja la papa lingetosha. Lakini papa amesema tusiongee tena, na mimi nimefundishwa kumtii, na Arielle hanitazami, na Jumamosi inakuja. Nikinyamaza nampoteza rafiki, nikisema namvunjia papa heshima. Nifanye nini? Bado nina tumaini kidogo, ndiyo maana nimeandika.

Chancelle, Bunia

Mama Adeline anajibu

Chancelle, mwanangu, kibanda kitaondoka. Nakuambia sasa hivi ili usisome mpaka chini ukitafuta muujiza. Zege juu ya mfereji ni kifuniko juu ya koo la barabara nzima, na mtoto mchanga wa Mama Régine hawezi kulala ndani ya beseni mvua zote hizi kwa sababu sisi tunapenda mandazi. Papa yako ana haki. Na kwamba anaumia akifanya hivyo, hilo halimwondolei haki, linanifanya nimheshimu zaidi.

Sasa pangusa machozi, maana hujapotea kama unavyofikiri.

Kwanza hayo marundo. Nani akuhukumu? Bunia nzima inafanya hivyo hivyo kila Jumamosi! Tunatoa uchafu, tunaupamba kando ya mfereji kama keki ya harusi, tunafungua maduka, tunasema lori litapita. Lori likichelewa, mvua haichelewi. Ninyi wasichana wa kwaya mmefanya kosa la mji mzima, tofauti ni kwamba ninyi mna aibu na sisi hatuna. Uliyoyatoa mferejini yaondoke pale siku hiyo hiyo, kwa beseni, kwa burueti ya gurudumu moja, kwa ndoo ya kichwani. Wasomaji wangu, nanyi mnasikia.

Lakini nina ugomvi nawe. Umeishi miaka yote na mtu anayejua maji ya mji huu yanapita wapi, unacheka utani wake mezani, na hujawahi kumwambia, "Papa, nionyeshe." Umempenda kama picha ya ukutani. Mwombe akutembeze na ile fimbo yake. Utashangaa atakavyosema maneno mengi.

Sasa kuhusu kutii. Sikiliza vizuri alichokukataza. Amekukataza kumwombea mtu upendeleo, naye amefanya vema. Papa Félicien haombi upendeleo. Anataka kujua kama mtu anaruhusiwa kuuza ndani ya kiwanja chake, nyuma ya mfereji, bila kupakwa rangi. Hilo ni swali la mwananchi, na jibu lake linatolewa ofisini, mchana, kwa mtu yeyote anayeuliza. Kwa hiyo usiwe wewe wa kulibeba. Leo hii, ukitoka shuleni, mwendee Papa Félicien, msalimie kwa adabu, umwambie: "Papa, mwende wawili, wewe na Mama Alphonsine, mkamwulize chef mwenyewe." Mwanaume mzima anaogopa rangi ambayo hata haijafunguliwa! Akijiuma midomo, mwambie Mama Adeline ndiye aliyemtuma.

Halafu urudi nyumbani umwambie papa yako sentensi moja tu: "Papa, kesho watakuja ofisini kukuuliza jambo, sikutaka ulisikie kwa mwingine." Usiongeze. Usilie. Mpe chakula uondoke. Hiyo si kumvunjia heshima, ni kumwekea kiti kabla wageni hawajafika. Sitakuahidi atajibu nini, kazi yake siijui kuliko yeye. Ila mtu anayezunguka barabara yenye mashimo ili asitazamane na muuza mandazi, huyo hatafuti sababu ya kukataa.

Nawe Papa Lucien, kama gazeti hili limefika mezani kwako, kwa sababu binti yako amebadilisha majina lakini Bunia si kubwa hivyo: rangi nyekundu inamwambia mtu atoke. Mtu aliyekwisha kukimbia mara moja anahitaji pia kuonyeshwa pa kwenda. Mwonyeshe. Na upite barabara yako ya kawaida.

Sasa tufike kwa Arielle, maana najua ndiye aliyekufanya uandike. Amekusema vibaya mbele ya watu, na hakuwa na haki. Lakini tazama alichokiona: alileta marafiki, alichimba, alicheka, na kazi ya mikono yake ikaingia nyumbani kwa mzazi na mtoto wake. Hasira ile ilikuwa yake mwenyewe, akaitafutia mahali pa kuiweka, akaona dawati lako liko karibu. Usimwandikie barua. Usimtume Glodie, tafadhali, huyo Glodie hapana. Na usiende kumweleza kwamba huna kosa, hata kama ni kweli, kwa sababu wiki hii hana nafasi ya kukusikiliza.

Jumamosi usingoje watu wa papa yako wafike na nyundo. Kibanda kinachobomolewa na wengine kinabaki vipande, kinachofunguliwa na wenyewe kinabaki mbao, turubai na misumari ya kutumia tena. Nenda Ijumaa, jua likiwa bado juu, na wale wasichana wa kwaya wote. Chukua nyundo ya kung'olea misumari na kamba. Papa Félicien akiwa amepata jibu zuri, mtavusha mbao upande wa pili. Akiwa hajapata, mtazipanga pakavu kwake mpaka apate.

Arielle atakuwa amesimama hapo. Labda atakutukana tena. Mwache amalize, usimkate. Akishamaliza, shika upande mmoja wa ule ubao mrefu wa mbele, usiseme kitu, na ungoje. Hauwezi kubebwa na mtu mmoja.