Kopo la Majina

Chumba cha Kushonea,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa sita.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na yale mashuka ya hospitali unayoyashona hayajakumaliza. Na mpwa wangu je, hajambo? Mwambie mjomba anamsalimu, na anauliza kama meno ya mbele yameshaota au bado anaongea kwa mluzi.

Ndani ya bahasha utakuta kibahasha kingine kidogo kilichobandikwa gundi. Tafadhali usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua hujawahi kungoja kitu maishani mwako, lakini leo nikubalie.

Sisi huku hatujambo. Macho ya Mama yanazidi kufifia, siku hizi anatujua kwa hatua zetu, lakini masikio yake hayajastaafu. Anakaa pale pale kwenye kiti chake karibu na dirisha la barabarani, na nikikosea kidogo tu kukaza uzi wa cherehani ananiambia, bila kugeuza shingo, kwamba huo mshono utaachia kabla mteja hajafika kona. Na huwa kweli. Goti linamsumbua asubuhi. Mafuta uliyotuma yanamsaidia sana, ingawa majirani anawaambia ni maombi yao, ili wasiache kuja.

Dada, niseme kwanza kilichonikalisha chini kuandika. Mara tatu umeniuliza kama kuna kitu chochote cha shemeji kilichobaki, hata kifungo, kwa sababu mtoto anamuulizia baba yake na huna cha kumshikisha zaidi ya ile picha moja. Mara tatu nimekujibu hakuna. Nilikudanganya. Leo nataka kukujibu upya, ila nivumilie nianzie mbali, maana nikianzia karibu kalamu itanigomea.

Ni miezi minane sasa tangu nivue sare, na uraia bado unanishinda. Wiki ya kwanza niliivuta cherehani ya kukanyaga mpaka ukutani, ili mgongo wangu uwe salama na macho yauone mlango. Mama aliposikia miguu ya meza ikikwaruza sakafu akauliza kama tunahama. Mezani nakula kama nafukuzwa, mpaka ananikumbusha kwamba chakula hakina miguu. Na nguo za watu nazikunja kwa pembe za jeshi hata mteja akifika nyumbani hajui aanzie wapi kuzikunjua.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile la muuza nyama wa kona. Alikuja kupimwa suruali, akawa hatulii, anayumba huku na huku akitaniana na watu wa barabarani, nami nimemzungushia futi kiunoni. Neno likanitoka kabla sijalizuia: "Mguu sawa!" Dada, yule bwana na tumbo lake lote alisimama wima, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi nao wakanyanyuka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mguu Sawa, na muuza nyama akiniona anapiga saluti na kisu mkononi. Lile jina ulilonipa wewe, Bobini, limebaki kwa Mama tu.

Sikufichi, kuna siku naikumbuka kambi. Siikumbuki vita, vita na ikae huko huko. Nakumbuka makelele ya wanaume mia wakitafuta soksi zao asubuhi, na hema langu la ushonaji lililonuka mafuta ya mashine, na shemeji akiingia bila kubisha hodi na kukaa juu ya gunia la sare chafu kama mwenye nyumba.

Ila zaidi nakikumbuka chumba hiki kilivyokuwa zamani. Ile alama nyeusi ya pasi bado ipo juu ya meza ya kukatia. Wateja wageni huniuliza kwa nini sibadilishi ubao. Nitawaambiaje kwamba ni ya siku ile shemeji alipoingia hapa mara ya kwanza, na wewe ukaisahau pasi?

Unakumbuka ile suruali yake ya kijivu? Alikuja nayo ipunguzwe kidogo chini. Wiki iliyofuata akarudi, bado ndefu. Wiki nyingine akarudi tena, eti mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa chini ya meza nikizungusha uzi kwenye bobini, kile kigurudumu cha cherehani kilichonipa jina, nikimtazama akijitahidi kupata sababu, na wewe kwa uso mkavu unampigia mstari wa chaki na kukata. Ulimkatia suruali ile mpaka ikawa kaptula, naye hakulalamika hata siku moja. Mama alikuwa anajifanya haoni, wakati huo macho yakiwa mazima kabisa.

Na siku alipoichukua mara ya mwisho, Mama aliigeuza ndani akaona, kwenye pindo la kiuno, ile mishono mitatu ya uzi mwekundu. Alama yetu. Ile aliyotutilia katika kila nguo ya shule ili zikichanganyika zijulikane ni za nyumba hii. Hukumwambia mtu yeyote kwamba umemkubali. Ulimshonea tu mishono mitatu, na Mama akaanza kumwita mwanangu.

Sasa nifike kwenye koti. Mwezi uliopita alikuja yule mwalimu mstaafu aliyekufundisha hesabu na kukuvuta masikio. Alileta koti la marehemu mumewe, yule mpeleka barua, akitaka nipunguze mabega na mikono ili alivae yeye wakati wa baridi. Ni kazi ya kawaida. Nililigeuza ndani nikakuta chini ya kola jina la mumewe limeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa buluu, herufi zimepinda, moja imelala chali. Dada, sikufikiri. Mkono ulichukua wembe ukalifumua jina lile herufi moja moja, safi kabisa, nikapuliza nyuzi sakafuni na kuendelea na mabega. Ndivyo nilivyofanya jeshini kwa miaka mitano. Nguo ya mtu ambaye hayupo, kwanza unafumua jina.

Alipokuja kulichukua hakutazama mabega. Alikunjua kola akapapasa. Mimi nilidhani anakagua kazi, nikasubiri sifa, mjinga mimi. Akakaa kwenye benchi, koti mapajani, akaniuliza kwa sauti yake ile ya darasani:

"Nani alikutuma umfute mtu?"

Nilitamani sakafu inimeze. Aliniambia mumewe alilishona jina lile mwenyewe, wiki waliyooana, akijigamba kwamba hakuoa ili ashonewe nguo. Kwa miaka yote ile walikuwa wakicheka juu ya herufi iliyolala.

Mama ndiye aliyemwomba atuachie koti mpaka kesho yake. Mwalimu alipotoka, nilijua nitagombezwa, na nilitaka nigombezwe. Badala yake Mama aliomba apewe koti, akapitisha kidole chini ya kola polepole, akasema, "Matundu ya sindano bado yapo, Bobini. Yafuate."

Basi mchana kutwa nilikaa dirishani nikifuata matundu ya mtu mwingine. Alikuwa anashona vibaya, Mungu amrehemu. Mara mbili mkono wangu ulitaka kumnyooshea herufi, nikauzuia. Mwalimu aliporudi aligusa jina lile mwanzo mpaka mwisho, akaifikia ile iliyolala chali, akacheka na kulia kwa pamoja. Alilivaa koti hapo hapo, jua linawaka, akatoka nalo barabarani.

Nilibaki nimekaa, na swali lake halikuondoka naye. Nami nakuambia sasa nilichokuficha.

Asubuhi ile ambayo lori la maji halikurudi, shemeji alipita hemani kwangu kabla hajaondoka nalo. Aliniachia shati lake la pili la sare, kiwiko kilikuwa kimechanika. Alisema, "Nitie kiraka cha maana, shemeji, nisije nikaanza tena safari za kila wiki." Tukacheka. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Kiraka nilikitia, na nilikitia vizuri, dada, nilikipiga mshono mara mbili. Nilikuwa nakata uzi pale walipokuja kusema kwamba hatarudi.

Siku ya pili mtunza stoo akaleta amri ya kawaida. Shati ni zima, sare ni chache, jina litoke, liende kwa mwingine. Nililifumua mimi, kwa wembe huu huu. Vitambaa vya majina vilitakiwa kuchomwa kila mwisho wa wiki. Sikuchoma hata kimoja. Nilikuwa navitia kwenye kopo la majani ya chai, na cha shemeji nikakitia humo pamoja na vingine.

Wiki mbili baadaye, kwenye foleni ya chakula, niliona mbele yangu kile kiraka cha kiwiko. Nikaita, "Shemeji!" Akageuka kijana mmoja mgeni, akanitazama kwa adabu, akidhani nimemwita yeye. Nilirudi hemani bila kula.

Ndiyo maana nilikuambia hakuna. Ningekupa kitambaa, ungeniuliza kimetoka wapi, na ningelazimika kukuambia kwamba mkono uliomwondoa shemeji kwenye shati lake ni wangu, mkono uliofundishwa na wewe kushika sindano. Niliogopa kwamba hutanitazama tena kama zamani. Na kuna la pili, ambalo ni baya zaidi. Nilikuwa na choyo. Nilikuwa nalifungua kopo lile nikikitafuta kile kimoja, nakishika, nakirudisha. Nilijiona kama bado ninaye, wakati wewe na mtoto hamna kitu. Nisamehe, dada. Usiponisamehe upesi nitakuelewa, lakini usiache kuniandikia.

Kimo ndani ya kile kibahasha. Ni jina lake kamili, uzi mweusi juu ya kitambaa cha kijani kilichopauka. Upande mmoja kuna doa la mafuta ya lori, sikulifua. Utaona na matundu kuzunguka ukingo, ya pale kilipokuwa kimeshonewa kifuani pake.

Vilivyobaki kwenye kopo ni ishirini na sita. Mama ananiambia nimsomee kimoja kimoja, naye anakikariri. Tumeanza kuuliza ziliko familia zao. Vingine viwili vimeshapata wenyewe. Mmoja ni baba mzee aliyekipokea kwa mikono miwili, akanionyesha kiti nikae. Nilikaa naye mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikuhesabu milango.

Baba mdogo anakusalimu. Bado anavaa suti uliyomshonea, ila sasa lazima avute pumzi kwanza ndipo afunge kifungo. Shangazi naye anakusalimu na kulalamika kwamba barua zako ni fupi. Mwalimu wako wa hesabu anasema anakukumbuka, na kwamba hujawahi kumpa ile kazi ya kugawanya. Nisalimie mkuu wako wa stoo ya mashuka, na yule jirani yako mpishi anayewapikia mkichelewa.

Mungu awatunze wewe na mtoto, alinde macho yako na vidole vyako, na siku moja akurudishe mlangoni hapa Mama akujue kwa hatua zako.

Nakupenda, dada, sasa na siku zote.

Mdogo wako,
Bobini

Nilitaka kusahau. Kibahasha kifungue taratibu, kuna sindano. Jana Mama alinituma nimletee uzi mwekundu. Aliupitisha mwenyewe kwenye tundu la sindano, kwa kupapasa, ilimchukua muda mrefu na alikataa nimsaidie. Akashona mshono mmoja pembeni ya jina la shemeji, akanipa na mimi nikashona wa pili. Uzi hatukuukata. Mshono wa tatu tumemwachia mtoto.