Podo ya Keshero

Keshero, Novemba 2012

Dada yangu Ernestine, huko Vitshumbi,

Ulipokimbia Kibati ulinituma kazi moja tu: nichunge podo yako, ule mti wa mlimani aliotuachia papa yetu. Nitakueleza habari yake. Kwanza cheka kidogo.

Unaijua podo yangu, iliyoponea lava ya volkano ya 2002. Miaka kumi nimeingojea izae mbegu, nikaimwagilia, hata nikaisemesha. Wiki jana Mama Olive, muuza miche, akaitazama na kupiga makofi. "Muzee, hii ni dume! Jike ndiyo inazaaka. Utangoja mpaka Yesu arudie!" Sasa Keshero nzima inaniita Papa Dume.

Nikakumbuka yako, inayoangusha mbegu kila mwaka. Nikapanda pikipiki siku ileile kwenda Kibati, risasi zikilia upande wa Kibumba. Dada, nilichelewa. Wachoma makala, makaa ya kupikia, walikuwa wameikata asubuhi, kisiki bado kibichi. Nikapiga magoti kati ya matawi nikaokota mbegu, mwenye pikipiki akipiga kelele, "Papa, tutakufa sababu ya matunda!" Nilipata kumi na tisa.

Nimezipanda karibu na lile dume langu. Mama Olive anasema huenda zikachukua mwaka kuota, na miaka mingi kabla ya kujua ipi ni jike. Miye nina hamsini na sita. Kila lori la askari likinguruma, natoka kuziangalia tena.

Rudi, Ernestine. Siku jike itakapoangusha mbegu lazima mmoja wetu awepo wa kuokota, na magoti yangu unayajua.

Kaka yako asiyejua dume na jike,
Nizeyimana