Kiti cha Mashine ya Nyasi

Kibugu,
Jumamosi, katikati ya Julai

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa unaniuliza kila jioni tukifunga stoo ya shule, "Umechoka, Mama Njeru?" na mimi nilikuwa najibu hapana. Leo nakujibu ukweli.

Tangu tulipokuzika mwezi wa Aprili, nyasi za uwanja hazikungoja mtu. Mvua ilinyesha, halafu ukungu ukashuka kutoka msituni ukakaa. Unaijua Julai yetu. Asubuhi mashamba ya chai hayaonekani kutoka barabarani, na vidole vinakufa ganzi kabla sijafungua kufuli. Nilikata kwa fyekeo wiki baada ya wiki. Nikimaliza upande wa goli la juu, upande wa chini umeshaota tena.

Mashine yako ya kukata nyasi, ile ya kuendesha umekaa, ilikataa kuwaka.

Mwalimu mkuu alinivumilia. Lakini Jumatatu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba siku ya wazazi ni Ijumaa. Mashine isipowaka kufikia hapo, itauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, na uwanja utapewa vijana wa Embu mjini wenye mashine za kubeba begani. Kazi yangu hakuitaja. Hakuhitaji kuitaja.

Basi nilifanya yote niliyokuona ukifanya. Nilimwaga petroli iliyokaa tangu uanze kuugua, ilikuwa inanuka kama rangi ya zamani, nikaweka mpya. Nilisugua vichwa vya betri kwa maji moto na msasa mpaka ule unga mweupe ukatoka. Betri yenyewe niliibeba mgongoni kwa kamba ya kuni hadi sokoni ikachajiwe. Plagi niliifungua nikaikausha kando ya jiko. Nilifunika injini kwa gunia la chai na kupachika chupa mbili za maji moto ndani yake, jinsi ulivyokuwa unafanya ukisema, "Huyu mzee haamki bila chai."

Nikavuta choki, ile ya kubana hewa injini ikiwa baridi. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata kukohoa, haikukohoa.

Siku tatu hivyo, Baba. Mwaniki wa geti alikuwa anasimama na kikombe chake akinicheka. "Mama Njeru, ifunge kamba tuite punda!" Alhamisi hakucheka tena, na hilo liliniumiza zaidi.

Sasa nikuambie jambo ninaloona haya kuliandika. Siku zote hizo nilikuwa nazungusha ufunguo nikiwa nimesimama kando, nimeinama juu ya usukani. Sikukaa kwenye kiti chako. Ningekaaje? Tangu niolewe kwenu sijawahi kukalia kiti chako cha nyumbani, hata ukiwa umeenda Embu siku nzima. Mke wa mwana hakalii kiti cha baba wa mumewe. Mama yangu alinifunza hivyo kabla sijaja kwenu, na hakuna aliyeniambia kwamba cha mashine ni tofauti. Isitoshe, kile kiti bado kimebonyea umbo lako. Kuna ule mpasuko ulioushona kwa uzi wa gunia. Kila asubuhi nilikipangusa umande, nikakiacha.

Alhamisi hiyo Mama alinifuata uwanjani na chupa ya uji. Mkeo siku hizi hatoki sana, kwa hivyo nilishtuka kumwona. Aligeuza ndoo akaikalia, akanitazama nikizungusha ufunguo. Kimya.

"Kwani yeye alikuwa anaiwasha akiwa amesimama?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mama, hicho ni kiti cha Baba."

Aliiweka chupa ya uji magotini. Kisha akasema ulimwambia zamani kwamba kuna swichi chini ya kiti, na pasipokuwa na mtu juu yake umeme haupiti. "Alisema ni kama ule ng'ombe wetu mweupe, hatoi maziwa mpaka umwegemee." Akafungua chupa. "Mimi ndiye mkewe, na nimekupa ruhusa. Kaa. Uji unapoa."

Nilivua kofia, sijui kwa nini. Nikakaa.

Mara ya kwanza stata ilizunguka, injini ikakohoa ikazima. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ikawaka, moshi mweusi ukatanda, na Mwaniki akaja mbio akimwaga chai yake. Mimi nililia pale pale juu ya kiti, choki bado imevutwa, mpaka Mama akapiga kelele, "Rudisha hicho kitu, inasongwa!"

Nikairudisha polepole, kama wewe.

Tangu hapo nakumbuka ile siku ya Machi, ya mwisho uliyokuja kazini. Ulizima mashine karibu na goli la chini ukashuka, kifua kinapiga mluzi. Ulishika usukani muda mrefu. Ukaangalia kiti, ukaniangalia mimi. Nilidhani utasema neno. Ukasema tu, "Basi, tutaona," ukachukua reki mkononi mwangu ukaenda kukusanya nyasi. Kazi yangu, Baba. Ukaiacha mashine pale, kiti kitupu, nami nikasimama kando yake nikingoja upumzike urudi.

Nawe haya zilikushika. Hungeweza kumwambia mke wa mwanao, kaa hapa. Kwa hivyo ulikiacha wazi ukaondoka. Mimi sikuelewa, na nilikungoja.

Jana wazazi walitembea juu ya nyasi fupi. Mwalimu mkuu aliipita mashine akauliza, "Sasa inaendelea?" Nikasema inaendelea. Hakusema tena habari ya vyuma chakavu.

Leo mgongo unauma na sina maneno mengi. Mama anakula vizuri kidogo. Njeru, mwenye jina lako, ameng'oka jino la mbele.

Naahidi hivi: kiti sitakibadilisha. Nitafunika injini kila jioni, na shule ikifungwa nitamwaga petroli isikae. Ule mpasuko umeanza kufunguka. Nitaushona kwa uzi uleule.

Kwaheri, Baba. Pumzika wewe, mimi nitaamka. Na asubuhi za baridi, ukisikia kitu kinakohoa huku Kibugu, nikumbuke.

Mke wa mwanao,
Mama Njeru