Chujio la Wifi

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua! Mashine ya kusafisha hewa. Muuzaji alitaka kunisukumia dude kubwa la sebuleni. Nikamwambia chumba cha binti yangu ni kidogo, nataka yenye chujio zito la kunasa vumbi la mbao. Fundi seremala wa ghorofa ya chini hapumziki na msumeno wake, na mtoto ana pumu. Leo kalala bila kukohoa. Nimelia peke yangu jikoni.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja kukaa. Kakohoa kidogo tu, mashine ikahamia chumbani kwake. Mume wangu kaibeba mwenyewe! Eti mtoto ana dawa yake ya kupuliza, mama ni mtu mzima.

Jumatatu, 10 Machi
Wifi kamletea mama yake chujio jipya la mashine. Nikanyoosha mkono nilipokee, wifi akanizuia — wacha, utaliharibu, haya mambo huyawezi. Kalifunga mwenyewe kwa mbwembwe, mama anampigia makofi.

Jumatano, 12 Machi
Nikifuta vumbi nimefungua kifuniko cha mashine. Ha! Chujio bado limo ndani ya nailoni yake ya dukani! Mashine inanguruma, taa ya kijani inawaka, haisafishi kitu. Nimekirudisha kifuniko taratibu. Si wanajua wao? Haya, wavute.

Ijumaa, 14 Machi
Mama mkwe anakohoa mpaka machozi. Anasema ni uchafu wa zamani unatoka kifuani, Mungu ambariki binti yake. Nikaitikia amina. Naona raha — ndiyo, raha! Hata chai imenishuka vizuri.

Jumapili, 16 Machi
Hospitali, kwenye benchi. Nikiwa kazini mama mkwe alimwonea huruma mjukuu wake, akamwita alale kwake, kwenye hewa safi. Wakafunga madirisha. Nimerudi, midomo ya mtoto imekuwa ya buluu. Yuko ndani na oksijeni. Daktari anasema tusubiri.

Mume wangu alikwenda kuchukua nguo, akaifungua mashine. Karudi na ile nailoni mkononi. Wifi akaanguka sakafuni akipiga kelele — nimemuua mtoto wa kaka! Mama mkwe kanikumbatia, ananiomba msamaha, ananiita mwanangu. Mume anasema dada yake hatakanyaga kwetu tena, niseme neno moja tu. Sijasema. Wifi bado kanishika miguu, analia.

Mume kauliza naandika nini. Nimemwambia dawa za mtoto.