Chenga za Darajani

Jumatatu, 12 Januari

Mimi? Mimi niko upande wa chai. Hivyo ndivyo nilimjibu adeer Bulle, ami wa soko yote, leo aliponiuliza mbele ya watu: Koricha, wewe unasemaje, alivuka au alirudi? Watu wakacheka. Adeer hakucheka. Kwake hii si mchezo.

Ni ile filamu ya jasusi. Jina lake la kweli hakuna mtu anajua. Hapa Garissa tunaiita Koti, kwa sababu ya lile koti la kijivu jamaa havui hata akila. Filamu ya zamani, ya kanda. Adeer aliiona wakati bado anaendesha lori, na mpaka leo anaiongelea kama mtu wa ukoo wake. Kila siku baada ya alasiri tunakaa kwa hoteli ya Safiyo. Chai ya maziwa ya ngamia kwanza, halafu Koti.

Adeer anasema ndiyo filamu ya mwisho ya ujasusi yenye akili. Jamaa anajua anafuatwa kwa kuangalia viatu kwa kioo cha duka. Hageuki! Salah wa bodaboda akasema jasusi ambaye hajapiga risasi hata moja, huyo ni karani. Safiyo yeye anauliza tu lile koti linafuliwa na nani. Miaka yote hii hakuna amemjibu.

Lakini vita yenyewe ni mwisho. Jamaa yuko katikati ya daraja. Nyuma yake, wakubwa wa kazi. Mbele yake, binti yake mdogo ameshika taa. Halafu — chenga. Skrini yote madoa meupe. Mwenye vidio anarukia deki anazima, kichwa cha mashine kisiharibike na vumbi. Kila kibanda cha vidio ilikuwa hivyo, hapo hapo. Akianza kusafisha na pamba na marashi, mtafsiri wa maiki anamalizia hadithi kwa mdomo, watu wasidai kurudishiwa kiingilio. Garissa mtafsiri alikuwa marehemu Adow. Alisema jamaa alirudi, kazi ni kazi. Kule kambi ya wakimbizi, Dagahaley, alikuwa Abdisalam. Alisema alivuka.

Abdisalam ni babake Amran. Amran ni jirani yangu sokoni. Yeye anauza marashi na uunsi wa kufukiza, mimi nawawekea watu filamu kwa flash na kwa simu. Leo alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, alivuka, adeer. Akamaliza chai akaenda.

Upande wa chai — uongo mtupu. Niko upande wa Amran. Shida ni moja, ananiita walaal, ndugu. Hiyo neno ikikupiga hata hospitali hawana dawa.

Jumatano, 14 Januari

Imepatikana! Koti! Nzima!

Salah ana binamu Minnesota. Huyo binamu alichimba kwa mtandao wiki nzima, akatuma leo asubuhi. Simu yangu ikapata moto mpaka nikaiweka juu ya mtungi wa maji. Picha safi. Wanaongea lugha gani sijui, Kijerumani au Kirusi, kama mtu anakohoa kwa heshima.

Sikungoja. Nilichukua spika ya Salah nikazunguka soko yote nyuma ya pikipiki: Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya alasiri, stoo ya nyuma kwa Safiyo, Koti mpaka mwisho, mbishi aje na shahidi wake. Watu walitoka madukani. Mzee mmoja alinishika mkono akauliza kama ni kweli. Macho yake yalikuwa na maji.

Sijaiangalia. Nitaiangalia Ijumaa, watu wakilala mchana.

Naandika haya yote kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha nilifundishwa kuandika, Wajir, kabla mbuzi za baba hazijaniita. Kiborana changu ni cha mdomo. Kisomali changu ni cha biashara. Mapenzi sijui nitayasema na lugha gani.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya sala soko ilikufa. Joto ya kiangazi, hata nzi wamekaa. Nikafunga mlango wa kibanda, nikawasha.

Ni filamu nzuri. Wallahi ni nzuri kuliko adeer anavyosema. Kuna mahali jamaa anamenya chungwa na mkono mmoja, ganda halikatiki, na ndani ya ganda ndiyo barua. Nilisahau niko Garissa. Nilijiona mimi na lile koti, naingia kwa Amran kununua marashi, nasema maneno mawili tu, natoka.

Halafu daraja. Taa ya mtoto. Halafu chenga.

Na mimi, mjinga, nikashtuka nikataka kuzima! Mkono wenyewe ulienda. Lakini flash haina vumbi. Nikaangalia vizuri. Chenga zilikuwa zinashuka pole pole. Zingine zilikaa kwa koti. Zingine kwa nywele za mtoto, naye anazifuta.

Nikamtumia yule binamu wa Salah ujumbe wa sauti, nikamuuliza hii kitu gani, filamu imeharibika? Akacheka dakika nzima. Akanitumia vidio ya mlango wa nyumba yake: gari, barabara, mti, na juu ya kila kitu chenga, chenga, chenga. Akasema, Koricha, hiyo ni theluji.

Theluji! Miaka yote hiyo mashine ilikuwa haina makosa. Ilikuwa hali ya hewa. Garissa yote na Dagahaley yote tulikuwa tunasafisha baridi ya watu na pamba.

Nilicheka peke yangu mpaka mtu akagonga mlango. Halafu nikaangalia zile dakika chache zimebaki, na kicheko kikaisha.

Alirudi.

Anamwangalia mtoto sana. Anavua koti — eh, anavua! — analiweka juu ya chuma ya daraja. Anageuka, anarudi kwa wakubwa na shati tu. Mtoto anabaki na taa. Basi.

Marehemu Adow alipata. Lakini yeye na Abdisalam hakuna aliyeuona mwisho wenyewe hata siku moja.

Jumamosi, 17 Januari

Niliota theluji inaanguka kwa mto Tana. Polepole, bila sauti. Ngamia wote weupe. Daraja letu nalo jeupe, na polisi wa kizuizi amelala, ameweka kitambulisho cha kila mtu kifuani kama blanketi. Nilivuka mpaka Madogo, ng'ambo, bila kuulizwa jina. Upande ule mtu alikuwa ameshika taa. Nikaamka kabla sijamjua.

Nilishinda siku yote nikiangalia juu. Mbingu tupu. Salah aliuliza kama natafuta ndege.

Jumatatu, 19 Januari

Nilitaka kusema file imeharibika. Nilikuwa nimeshapanga na uso wa huzuni. Lakini adeer Bulle amekodi viti. Watu wa Dagahaley wamepiga simu, wanakuja na basi nzima. Hata Liboi mtu ameuliza. Na Salah, msaliti, ameshona bango.

Tukabaki na swali la mtafsiri. Kila mtu alimwangalia adeer. Akakataa, akasema sauti yake iliisha barabarani akipigia ng'ombe kelele. Hapo Amran akaweka kikombe chini. Akasema ni yeye atatafsiri. Hiyo filamu anaijua kwa sauti ya babake, neno kwa neno.

Mwanamke kushika maiki ya filamu, hiyo haijaonekana hapa. Safiyo ndiye alimaliza maneno: kama kuna mwanaume hapa anajua hata hilo koti linafuliwa na nani, aseme.

Jioni tukifunga vibanda nilimwambia Amran, nataka kukuambia kitu kuhusu mwisho. Akaniinulia mkono, kama polisi wa kizuizi. Akasema babake hakuwa anaangalia filamu kabla ya watu. Alisema mtafsiri akishajua, sauti inazeeka. Lazima yeye na watu washtuke pamoja.

Halafu akaniambia mwenyewe, bila mimi kuuliza. Alikuwa mdogo, anakaa chini mbele kabisa, karibu na miguu ya babake. Chenga zikija, babake anageuka, anamwangalia yeye, anasema: akavuka, akamchukua mtoto wake. Kila mara. Halafu siku moja Abdisalam akaenda Liboi kuleta mzigo wa nguo, akapita mpaka, na hadi leo hajarudi. Mtu mmoja alisema alimwona Kismayo. Mwingine, Libya. Simu haiingii.

Amran alikuwa anafunga kufuli. Akasema bila kunitazama: "Ule mwisho ndio kitu aliniachia, walaal. Mimi naungoja kama mtu anangoja basi."

Hata neno walaal sikuisikia uchungu yake leo.

Alhamisi, 22 Januari

Nimefikiria kuikata. Kuna kitu kwa simu, unavuta hapa, unakata hapo, filamu inaishia kwa theluji. Nani atajua? Ni kazi ya kupepesa macho. Niliweka kidole. Nikaona Abdisalam ananiangalia. Simjui sura, lakini aliniangalia. Nikatoa kidole.

Nikaenda kwa adeer Bulle nikamwuliza kama jamaa kweli alirudi, je, alikuwa mtu mbaya? Akasema yeye aliendesha lori akaacha watoto, kila safari anaangalia kwa kioo mpaka wanakuwa wadogo. Angesimamisha, wangekula nini? Ndiyo maana anampenda yule wa koti. Halafu akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema biashara.

Sikujua adeer naye anatetea mtu wake. Nilifikiri anatetea filamu.

Ijumaa, 23 Januari

Basi ya Dagahaley imefika. Wamejaa kwa Safiyo, hakuna pa kukaa. Ubishi mpaka sukari iliisha. Mmoja wao anaigiza Abdisalam alivyokuwa anafanya sauti ya mlango, ya farasi, ya mwanamke analia, yote kwa koo moja. Amran alifunika uso na shela. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka.

Leo nimemuona akicheka vile. Kesho ni kesho.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika nikiwa ndani ya stoo. Daftari iko magotini. Sioni vizuri, turubai zimefunga madirisha, mwanga ni wa skrini tu.

Filamu imesimama. Mimi ndiye nimeisimamisha.

Acha niseme haraka. Amran ametafsiri kama maji. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, mzee wa nyuma akaguna, halafu mlango wa kwenye filamu ukafungwa na Amran akafanya sauti ya ule mlango, ya babake kabisa, na watu wa Dagahaley wakapiga kelele kama wamepata ndugu. Kwa chungwa hata Salah alisogea mbele. Safiyo amesimama mlangoni na birika, hamimini.

Halafu daraja. Taa. Theluji ya kwanza ikaanguka, moja tu, kwa bega la koti.

Adeer Bulle akaruka na miguu yake mibovu: "Chenga! Simamisha, itaharibu!" Stoo nzima ikaitikia. Simamisha, simamisha! Mkono wangu ukaenda. Nikasema kwa sauti kubwa, poleni, kuna vumbi, nasafisha.

Vumbi kwa flash! Salah alinitazama kama nimerukwa na akili. Lakini wazee walitulia, wakaegemea, wameridhika. Hivi ndivyo inavyokuwa. Ndiyo Koti yenyewe.

Amran hakutulia. Yeye ni wa sasa, anajua flash haisafishwi. Alikuja na maiki mkononi, akachuchumaa karibu yangu. Akaniangalia usoni muda. Nafikiri aliona kwamba nimeshauona mwisho. Mimi sina uso wa jasusi.

Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya marashi na pamba. Akalowesha. Akanipa.

"Safisha," akasema. "Pole pole. Ukimaliza, weka iende mpaka mwisho."

Na sasa amerudi mbele. Amesimama. Maiki iko mdomoni lakini hasemi. Stoo yote inanuka marashi. Watu wameanza kuita, Abdisalam, Abdisalam, kama zamani, amalizie kwa mdomo. Pale chini, mbele kabisa, kuna nafasi ya mtoto mdogo na hakuna mtu ameikaa. Amran anaiangalia.

Kwa skrini jamaa bado yuko katikati. Theluji moja kwa bega. Bado hajageuka. Nikizuia na kidole hivi, hajageuka.

Wewe. Sijui ni nani, hii daftari haikuwa ya kusomwa na mtu. Lakini kama iko mkononi mwako, na wewe ni mtu wa safari, wa Liboi, wa Kismayo, wa mbele zaidi, tupatane hivi. Tafuta mzee, jina Abdisalam, anaweza kufanya sauti ya mlango na ya farasi kwa koo moja. Mwambie zile hazikuwa chenga. Mwambie Koti inaonyeshwa Garissa, kwa Safiyo, na mtafsiri ni binti yake. Mlete hata nusu ya njia, nitakuja kumchukua. Na mimi nitakuwekea filamu bure, kila filamu, mpaka flash yako izeeke. Wewe umfuate huko. Mimi huku nasafisha. Pamba bado ina maji, naweza kusafisha kidogo tena.