Matofali Yaliyobaki

Mujukuu wangu Neema,

Sisi huku Uvira tuko wazima. Ndagala wanavuliwa vizuri, na kaka yako amepata mtoto anayelia kama trompeti.

Unaniuliza utahesabu namna gani matofali ya ukuta wako. Zamani, mimi ningali binti, uasi ulipotulia, tulishuka kutoka milimani tulikokimbilia tukakuta nyumba imeanguka. Baba yangu, muvuvi, akapima msingi kwa kamba ya wavu, akataja hesabu, tukafyatua matofali pamoja na majirani, tukiimba. Nyumba ikaisha, rundo zima likabaki. Mama akaliangalia, akaangua kicheko: “Baba Riziki, weye umehesabu nyumba haina mulango wala dirisha!”

Kweli. Tulikuwa tumelala porini muda mrefu, hakuna aliyekumbuka mulango. Tulicheka mpaka machozi.

Kwa rundo lile tukajenga kibaraza mbele ya nyumba. Watu waliotoka milimani walipumzika hapo. Asubuhi moja nikakuta kijana amekaa, akaniomba maji. Alirudi kesho yake, eti bado iko na kiu. Ndiye babu yako.

Basi, Neema, kwa hesabu yako toa mulango, toa na madirisha, kisha rudisha matofali kidogo. Weye mwenyewe umetoka kwa matofali yaliyobaki.

Koko wako,
Riziki